Mpira unapoziba usiku

Mazungumzo haya niliyatoa redioni wiki iliyopita saa mbili kasorobo usiku, na kabla sijatoka studio simu ilikwisha kuita. Msikilizaji mmoja wa Magomeni alikuwa akilalamika kwamba yeye na jamaa zake wako mkekani wanakula, nami nawatajia mkojo. Nikamwomba radhi, maana saa ya chakula ni saa ya chakula. Lakini nikamweleza pia kwamba zipo nyumba katika mji huu ambamo watu hawali wala hawalali mpaka kwanza wahakikishe kuwa mkojo wa mgonjwa wao unatoka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi endelea bwana, ila wiki ijayo tutafutie lingine." Wiki ijayo haijafika, kwa hiyo naendelea.

Nianze na usiku mmoja wa Novemba 2022. Mtakumbuka kuwa Oktoba mwaka ule Mto Ruvu ulipungua mno, ukatangazwa mgao wa maji Dar es Salaam, na huku kwetu Mwananyamala watu wakawa wanakesha na madumu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi kijana mmoja, wakati huo alikuwa na miaka kama thelathini na miwili hivi. Alikuwa fundi uashi. Miaka minne kabla ya usiku huo aliteleza kwenye jukwaa la mirunda, ghorofa ya pili, akaanguka na kuvunjika sehemu ya chini ya shingo. Miguu haikurudi. Mikono ilirudi nusu: anaweza kukumbatia kikombe kwa viganja viwili, lakini kufunga kifungo hawezi. Mkojo wake hutoka kwa mpira uliopitishwa hadi ndani ya kibofu na kuunganishwa na mfuko unaoning'inia ubavuni mwa kitanda.

Nikisema mpira, wengi wenu mnafikiria Simba na Yanga. Wahudumu wa afya huuita katheta. Mitaani watu husema tu "kawekewa mpira", na kila mtu anaelewa.

Saa nane usiku dada yake aligonga dirisha langu. "Shikamoo kaka, samahani sana kukuamsha. Ndugu yangu anasema kichwa kinampasuka, na jasho linamtoka kama kamwagiwa maji." Nikatoa gari. Tulimkuta uso umevimba kwa joto na umelowa, ilhali miguu ilikuwa ya baridi, mikavu, vinyweleo vimesimama. Mama yao alikwisha kuanza kusoma dua.

Tulikwenda kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, kwa sababu naamini yangetokea hayohayo katika vituo vingi. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapimwa shinikizo la damu, likasoma 150 kwa 95. Mhudumu kijana akatutuliza: hiyo si presha ya kutisha, hata mjomba wake anatembea na zaidi ya hiyo. Tukapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa tumlaze chali apumzike. Tulipomlaza, akapiga kelele.

Aliyetuokoa ni yule dada, msichana aliyeishia darasa la saba. Aliinua mfuko wa mkojo, akauangalia kwenye mwanga wa taa. "Mbona mkavu?" Tukashika tumbo chini ya kitovu, limekaza kama ngoma iliyoanikwa. Akaitwa muuguzi mmoja mama wa makamo aliyekuwa wodi ya pili. Hakuuliza mengi. Alimketisha mgonjwa, miguu ikaning'inia chini, akautoa mpira uliokuwamo na kuingiza mpya. Mkojo ukatoka karibu lita nzima. Kabla haujakwisha kutoka, kijana akasema kichwa kimeachia.

Yule mama akachukua mpira wa zamani, akaubinya ncha kwa vidole vyenye glavu, akanionyesha. Ulisagika. Ndani ulikuwa umejaa kitu cheupe, kigumu, mfano wa chokaa ile inayokaa kwenye kitako cha birika.

Mimi si daktari, nina stashahada ya uandishi wa habari tu. Lakini chokaa ile ilinifanya niende kutafuta: mpira huu umetoka wapi, kwa nini unaziba, na ilikuwaje kijana akaribia kupata kiharusi mbele ya watu wawili waliosomea kazi ya kuponya.

Tuelewane kwanza juu ya mwili. Ndani ya uti wa mgongo mnapita mshipa mkuu wa fahamu, nao ndio unaopeleka habari kati ya ubongo na kibofu. Ukikatika, kibofu kinajaa lakini mwenyewe hana habari, au kinajikamua wakati kisichotakiwa, au kinakataa kufunguka kabisa. Hili si jambo jipya. Katika Misri ya kale, kwenye maandishi ya mafunjo yanayoitwa mafunjo ya Edwin Smith, yaliyonakiliwa takriban miaka 3,600 iliyopita, mganga anamweleza mtu aliyevunjika shingo: hana habari na mikono wala miguu, na mkojo unamdondoka. Mganga yule alikuwa mkweli. Aliandika kuwa huo ni ugonjwa usiotibiwa, akaenda kwenye kisa kinachofuata.

Kutoa mkojo kwa bomba, kwa upande wake, ni ufundi wa zamani sana. Mji wa Pompeii nchini Italia ulipofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, ulifunikwa pamoja na mirija ya shaba nyeusi iliyopindwa kama herufi S, nayo imefukuliwa. Ibn Sina, yule tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, alishauri mirija laini ya ngozi za wanyama. Mwaka 1752 Mmarekani Benjamin Franklin, huyuhuyu wa umeme na radi, alimtengenezea kaka yake aliyekuwa na mawe ya kibofu mrija wa fedha wenye viungo ili upinde. Hebu fikiria fedha tupu ikipita pale. Nafuu ilikuja baada ya Charles Goodyear kugundua mwaka 1839 namna ya kupika utomvu wa mti wa mpira pamoja na salfa ukawa imara bila kupoteza ulaini. Daktari mpasuaji wa Ufaransa, Auguste Nélaton, akatengeneza mrija wa mpira mwekundu, na hadi leo ukienda duka la dawa Mwananyamala utakuta boksi limeandikwa "Nelaton". Utomvu huo sisi tunaujua. Mashamba ya mpira tunayo Kihuhwi kule Muheza na Kilombero. Ila mirija tunaagiza.

Hata zile namba zilizoandikwa kwenye pakiti zina historia. Yule dada alikuwa akiambiwa "lete namba 16" bila kujua ni 16 ya nini. Ni kipimo cha fundi wa vyombo vya upasuaji wa Paris aliyeitwa Charrière, wa karne ya 19. Igawe kwa tatu, unapata unene wa mpira kwa milimita. Namba 16 ni milimita tano na kitu. Huo ni unene wa nje. Tundu la ndani linalopitisha mkojo ni dogo zaidi, na kwa mpira wa utomvu ni dogo kuliko kwa ule wa silikoni wenye namba ileile. Mtu mzima anaishi kwa kutegemea tundu lisilozidi unene wa njiti chache za kiberiti.

Mpira wa kijana wetu unaitwa Foley. Kabla yake mirija ilikuwa ikifungwa kwa kamba au plasta isichomoke. Frederic Foley, daktari wa Minnesota huko Marekani, alianza kuandika mwaka 1929 juu ya mrija wenye kipulizo karibu na ncha. Nia yake ya mwanzo ilikuwa kukandamiza damu baada ya upasuaji wa tezi dume. Kipulizo kikishaingia kibofuni kinajazwa maji kwa bomba la sindano, nao mpira hautoki tena. Mwaka 1936 hati ya ubunifu ilikwenda kwa mtu mwingine, Paul Raiche, Foley akahangaika kuidai asiipate. Jina hata hivyo likabaki lake. Hati walichukua wengine, na wauguzi wa dunia nzima wanamtaja yeye kila siku.

Pamoja na mirija yote hiyo, waliovunjika mgongo waliendelea kufa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, inakadiriwa kuwa askari wanne katika kila watano walioumia hivyo walifariki, wengi wao katika majuma ya mwanzo, na hawakuuawa na risasi. Waliuawa na mkojo uliooza ndani na vidonda vya kulalia. Madaktari walikwisha kukata tamaa. Mgonjwa wa namna hiyo aliwekwa pembeni, apewe dawa ya usingizi, asubiriwe.

Mtu aliyekataa kusubiri alikuwa mkimbizi. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi wa Breslau, aliikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, na Februari 1944 Waingereza wakamkabidhi wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuja na dawa ya kuunga mshipa uliokatika. Hata leo dawa hiyo haipo. Alikuja na amri. Kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, naye mwenyewe alikuwa akipita usiku kuhakikisha. Mkojo utolewe kwa vipindi na mikono iliyonawa vizuri, bila kuugusa mrija, na mwanzoni kazi hiyo ilikuwa ya daktari, haikuachiwa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Watu wakaacha kufa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa wake 16 walishindana kurusha mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na hiyo ndiyo asili ya michezo ya Paralimpiki. Jirani zetu wa Nairobi nao wana hospitali ya majeruhi wa uti wa mgongo iliyoanzia kwenye makao ya majeruhi wa vita hiyohiyo.

Nimefika mahali paliponikera, na naomba nikae hapo kidogo. Mwaka 1917, madaktari wawili wa London, Henry Head na George Riddoch, waliandika kuhusu askari waliovunjika uti. Waliona kwamba kibofu cha askari kikijaa, yeye mwenyewe hasikii kibofu, lakini jasho linamtoka usoni na kichwani. Mwaka 1947 Guttmann na mwenzake Whitteridge wakapima, wakaonyesha kuwa kibofu kikijaa, shinikizo la damu la watu hawa linapanda ghafla kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Sababu ni kwamba chini ya pale palipokatika mwili unapiga yowe, mishipa ya damu inajikaza, na ubongo hauwezi kupeleka amri ya kuilegeza. Hutokea kwa waliovunjika kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, na chanzo chake cha kwanza, kuliko vyote, ni mkojo usiotoka.

Kuna jambo lingine ambalo mhudumu yule kijana hakufundishwa. Mtu aliyevunjika shingo kwa kawaida ana presha ya chini, 90 na kitu hivi kwa 60. Kwake yeye, kupanda kwa 20 au 40 tu tayari ni hatari. Kwa mjomba wa mhudumu 150 ni jambo la kuzungumza na daktari Jumatatu. Kwa jirani yangu ilikuwa ni mshipa wa kichwani unaongoja kupasuka, na kumlaza chali ndiko kulikoizidisha, kwani akiketi miguu ikiwa chini presha hushuka kidogo. Yote hayo yaliandikwa zamani. Kutoka 1917 hadi usiku ule wa Mwananyamala ni miaka 105. Mpira wa Foley ulifika kwetu, unauzwa hadi kwenye maduka ya mtaani, lakini maarifa yaliyopaswa kusafiri nao yalishuka njiani. Simlaumu kijana yule. Nauliza tu ni nani aliyempa mpira auweke bila kumwambia unaweza kumfanyia nini mtu.

Na chokaa je? Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Gustav Hauser, alikiona kijidudu kinachobadilika umbo, akakipa jina la Proteus, mungu wa bahari katika ngano za Wayunani aliyekuwa akijigeuza kila ukimkamata. Kijidudu hicho kikiingia kibofuni kinauvunja mkojo na kutengeneza amonia, ndiyo ile harufu kali ya choo cha stendi. Mkojo unakosa uchachu wake, na madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake yanaanza kuganda kwenye kuta za mpira, leo utando, kesho mchanga, keshokutwa jiwe. Takriban nusu ya wanaoishi na mpira wa kudumu hupatwa na hali hiyo. Hata mpira wa silikoni, unaoweza kukaa hadi wiki kumi na mbili kwa mtu mwenye bahati, kwa wengine huziba ndani ya siku chache.

Watafiti wa Cardiff, Wales, akiwamo David Stickler, waliuchunguza ugandaji huu kwa miaka mingi. Walichokiona hakihitaji mashine: mkojo wa mtu anayekunywa vya kutosha, na hasa vinywaji vyenye uchachu wa limau, huchelewa kuganda. Mkojo mzito huwahi.

Niliposoma hayo nikakumbuka Ruvu. Asubuhi moja nikamuuliza kijana, "Wakati ule wa mgao ulikuwa unakunywa maji kiasi gani?" Akatazama ukuta. "Vikombe viwili kwa siku, bro. Maji yalikuwa ya kununua. Halafu nikinywa sana, dada anaamka usiku kumwaga mfuko, na asubuhi ana biashara ya vitumbua." Hakuna aliyemwambia apunguze. Alijipimia mwenyewe, kwa haya na kwa huruma.

Ni lazima niseme kuwa si kila aliyevunjika mgongo anahitaji mpira wa kudumu. Mwaka 1972 daktari wa Michigan, Jack Lapides, aliandika kuwa mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe mara kadhaa kwa siku kwa mrija uliooshwa vizuri, hata kama haukuchemshwa hospitalini. Kilicho kibaya zaidi ni kukiacha kibofu kikafura. Wenzake walimshangaa, kisha wakamfuata. Kwa nchi kama yetu neno lile lilikuwa ukombozi: sabuni, maji safi, mrija ule wa Nélaton, na saa. Ila linahitaji vidole, na jirani yangu hana. Linahitaji pia faragha, na katika nyumba ya kupanga ya vyumba sita yenye choo kimoja, faragha nayo ni kitu cha kutafuta.

Watu kama yeye ni wengi kuliko tunavyowaona, kwa sababu tunawaficha vyumba vya nyuma. Utafiti uliofanywa KCMC, Moshi, ulionyesha kuwa kuanguka kutoka juu kunaongoza katika kuvunja migongo ukanda ule wa kaskazini, kukifuatiwa na ajali za barabarani. Hapa Dar es Salaam hesabu mwenyewe majengo yanayopanda na bodaboda zinazopita. Tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na CCBRT iko Msasani, ndani ya Kinondoni hiihii. Mgonjwa anayefika huko anakutana na watu wanaojua. Tatizo ni saa nane usiku, akiwa amerudi kwao, mbali na hao wanaojua.

Yule muuguzi wa makamo alikubali kumfundisha dada. Ilichukua Jumamosi nne. Alimfundisha kunawa hadi kwenye viwiko, kuangalia kwanza kama mpira umejikunja au mgonjwa ameulalia, kuuweka mfuko chini ya usawa wa kibofu siku zote, kutosukuma maji kwa nguvu, kunyonya maji ya kipulizo yote kabla ya kuvuta chochote, na kujua ni wakati gani aache na kukimbilia hospitali. Alimwambia pia kuwa ndani ya nyumba kuwe daima na mpira wa akiba ambao haujafunguliwa. "Usiniambie umeisha," alisema, "chumvi ikiisha utakula mboga hivyohivyo, huu ukiisha utazika."

Sasa ukiingia chumbani mwao utakuta kalenda ya ukutani yenye duara la wino mwekundu kila baada ya siku kumi na nane, kwani wamekwisha kuujua mpira wake unaziba siku ya ishirini au ya ishirini na moja. Kuna jagi la maji lenye mfuniko, limepigwa mistari ya kipimo, na limau. Kwenye mfuko wa shati la kijana kuna kipande cha boksi la mpira, nyuma yake dada ameandika kwa herufi kubwa: PRESHA YANGU NI 95 KWA 60. IKIZIDI 120 NIKETISHENI, ANGALIENI MPIRA KWANZA.

Mwezi uliopita nilipita pale asubuhi nikielekea kazini, nikamkuta anaanua vitumbua. Nikawasalimu. Kijana akanijibu kutoka ndani, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Dada akaniambia, kama anayezungumzia mvua, kwamba saa kumi usiku mpira uliziba, siku tatu kabla ya duara.

"Mbona hukunigongea?"

"Ulikuwa umelala, kaka. Nimeshaubadilisha."